Kuusaka Mlima Kenya kutoka paa la Nairobi: Ni bahati au ni kujiandaa?

Muulize mtoto yeyote wa Nairobi Mlima Kenya uko wapi, naye atakimbilia ramani iliyobandikwa ukutani darasani. Mwingine mwerevu zaidi atakuonyesha nembo ya taifa, pale ambapo simba wawili wamesimama juu ya mlima huo wakiwa wameshika ngao na mikuki. Lakini mwambie aunyoshee mlima wenyewe kidole kutoka pale mliposimama, na hapo utamwona akigeuka huku na kule kama mchungaji aliyepotelewa na mbuzi.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu jioni moja ya Desemba mwaka 2018. Nilikuwa nimepanda juu ya paa la jengo tunamoishi, kando ya Ngong Road, si mbali na Adams Arcade, ili kuanua nguo kabla ya mvua. Binti yangu, aliyekuwa amemaliza darasa la pili, alinifuata huku akibeba beseni. Akatazama majumba ya Upper Hill, akatazama vilima vya Ngong, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Baba, mwalimu alisema Mlima Kenya ni wa pili kwa urefu katika Afrika nzima. Mbona basi hatuuoni?"

Nilimjibu bila kufikiri, kama tufanyavyo sisi wazazi tunapotaka kuonekana tunajua kila kitu. Nilimwambia kwamba mlima unaonekana, tena vizuri sana, na kwamba kabla hajafika darasa la tatu ningeupiga picha kutoka hapo hapo paani na kuitundika sebuleni. Ahadi ni deni, msomaji. Deni hilo lilinichukua zaidi ya miaka minne kulilipa.

Ukubwa wa kidole kidogo

Kwanza nilijifunza kwamba sikujua hata pa kutazama. Wengi wetu tumezoea safari ya Nyeri au Nanyuki kwa gari, na kwa kuwa barabara hupindapinda, tunadhani mlima uko mbali kuliko ulivyo. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Nairobi hadi kilele cha Batian ni takriban kilomita 140 tu. Nilinunua dira ndogo, nikatandaza ramani juu ya tangi la maji, na nikagundua kwamba mlima uko kaskazini, ukielekea kidogo mashariki. Kutoka paa letu, unautafuta upande wa Westlands na Parklands.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Batian ina urefu wa mita 5,199 kutoka usawa wa bahari, lakini sisi wa Nairobi tayari tumeinuliwa mita 1,700 hivi. Mviringo wa dunia nao humeza sehemu ya chini ya mlima. Kinachobaki kuonekana, ukipiga hesabu, ni kitu chenye kimo kinacholingana na upana wa ncha ya kidole chako kidogo ukinyoosha mkono mbele ya uso. Mlima ulioipa nchi jina, na ukiwa Nairobi unaweza kuufunika kwa kidole cha mwisho!

Ndiyo maana mtu anaweza kuishi jijini miaka 30 asiuone. Hakuzibwa na mtu. Alikuwa akitafuta kitu kikubwa mno.

Mzee wa KICC

Kabla ya kununua chochote kingine, nilikwenda katikati ya jiji kutafuta ushauri. Wakazi wa zamani wa Nairobi watakumbuka wapiga picha wa uwanja wa KICC na bustani ya Uhuru Park. Familia zilizokuja kutoka mashambani siku za sikukuu hazikurudi nyumbani bila picha iliyopigwa na watu hao, mtoto akiwa amevaa viatu vipya na jumba refu likiwa nyuma yake. Siku hizi kila mtu ana kamera kwenye simu, na wachache waliobaki katika kazi hiyo hushinda wakiwaita wapita njia.

Nilimkuta mmoja wao, mzee mwenye kofia na kamera iliyoning'inia kifuani, akipumzika kivulini. Nilimsalimu, nikamlipa anipige picha moja, kisha nikamweleza haja yangu. Alicheka.

"Kijana, wewe unataka kuukimbiza mlima," aliniambia. "Mimi tangu nianze kazi hii sijawahi kukimbiza kitu. Njoo nikuonyeshe."

Alinipeleka hadi penye jiwe fulani la sakafu ambalo kwangu halikuwa na tofauti yoyote na mengine. Akaniambia nisimame hapo na nimtazame yeye akiwa hatua kadhaa mbele. Jumba lote, kutoka chini hadi kwenye kile kichwa chake cha duara, liliingia vizuri nyuma ya mabega yake. Nikasogea hatua mbili kulia, na kichwa kikakatika.

"Zamani filamu moja ilikuwa na picha 36," alisema. "Ukiharibu kumi, umekula faida ya siku nzima. Kwa hiyo nilijua jiwe langu la asubuhi na jiwe langu la jioni. Mteja anapokuja, mimi niko tayari. Huyo mteja ndiye bahati. Jiwe ni langu."

Jumba hilo la mikutano, lililofunguliwa mwaka 1973, lilichorwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na Mkenya David Mutiso. Lina ghorofa 28 na kimo cha mita 105, na wageni huruhusiwa kupanda hadi juu kwa ada. Yule mzee alinithibitishia kwamba amewahi kuuona mlima kutoka juu huko zaidi ya mara moja. Nilipomwuliza ni mwezi gani, alikuna kidevu.

"Mwezi sikumbuki," alijibu. "Nakumbuka kulikuwa na matope."

Neno hilo nililisikia kwa sikio la kulia likatokea kushoto. Laiti ningelishika!

Jua lina kalenda

Nilirudi nyumbani nimejawa na ari. Mimi hapo nilikuwa na nadharia yangu: kiangazi ndicho msimu wa anga safi, kwa hiyo Januari na Februari ndiyo miezi ya kuuona mlima. Nikaanza kuamka saa kumi na moja alfajiri. Nilipanda ngazi za ghorofa tano, nikapita katikati ya kamba za nguo, nikaketi juu ya kreti ya soda nikiwa na kamera mapajani. Asubuhi baada ya asubuhi, anga juu ya kichwa changu ilikuwa samawati isiyo na doa, lakini upande wa kaskazini ulikuwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa. Katika Januari na Februari za 2019 nilipanda mara 23. Mlima sikuuona hata mara moja.

Ili nisikate tamaa kabisa, nilijipa kazi nyingine iliyo rahisi zaidi. Dada yangu anaishi Kangemi, ng'ambo ya Waiyaki Way, katika jengo ambalo paa lake linatazama katikati ya jiji. Nilitaka kupiga picha ya jua likichomoza nyuma ya KICC.

Hapa, msomaji, ndipo nilipoona maana ya kujiandaa. Jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima. Mwezi Juni huchomoza likiwa limesogea sana kaskazini, na mwezi Desemba likiwa limesogea sana kusini, na katikati ya miezi hiyo hutembea kwenye upeo wa macho kama mlinzi anayezunguka ua. Nilipiga mstari kwa rula kwenye ramani kutoka Kangemi hadi KICC. Mstari ule ulielekea mashariki, ukainama kusini kwa nyuzi kama 17. Jua hufika hapo mara mbili tu kwa mwaka: mapema Novemba na mapema Februari. Novemba ni msimu wa mawingu. Kwa hiyo zilibaki siku chache za Februari.

Jumamosi ya tarehe 2 Februari 2019, dada alinifungulia lango kukiwa bado giza, akanipa chai kwenye kikombe cha bati na kuniuliza kama nimeanza kurogwa. Katika sehemu zetu hizi za ikweta, kutoka weupe wa kwanza hadi jua kuchomoza ni kama dakika 20 tu, na likishachomoza hupanda wima bila kusita. Mtu wa Ulaya ya kaskazini ana nafasi ya kunywa chai yake akingoja rangi zibadilike. Wewe wa Kangemi ukiinama kufunga kamba ya kiatu, mambo yamekwisha.

Lakini lilichomoza pale pale. Kutoka umbali huo wa kilomita tisa hivi, jua lilionekana fupi kidogo kuliko jumba lenyewe, likatokeza ubavuni mwake jekundu kama embe bivu. Nilipiga picha sita. Dada, aliyekuwa akinicheka, alinyamaza kimya.

Niliporudi mjini kwa matatu nilijiona bingwa. Nilifikiri nimeshinda kwa sababu ya akili yangu. Kumbe jua ni rahisi: lina kalenda, nalo halijawahi kukosa siku yake. Wingu na vumbi havina kalenda.

Soja wa Westlands

Ushindi huo ulinipa kiburi, na kiburi kikaniletea aibu. Wiki chache baadaye niliona jengo moja la ofisi huko Westlands lenye ngazi za nje, nikaona kwamba kutoka ghorofa ya juu mlima ungeonekana bila kuzuiwa. Sikumwuliza mtu. Nilipanda alfajiri nikiwa na stendi ya kamera begani, na nilipofika ghorofa ya tatu nikasikia sauti nyuma yangu.

"We! Hiyo bunduki unapeleka wapi?"

Alikuwa soja wa usiku, rungu mkononi, naye alikuwa na haki. Katika jiji ambalo limewahi kuonja mashambulizi ya kigaidi, mtu anayenyatia ngazi gizani akiwa na kitu kirefu begani hawezi kudhaniwa kuwa mpenzi wa mandhari. Nilieleza, nikaonyesha kitambulisho, nikaomba radhi. Aliniacha niende, lakini maneno yake ya mwisho yalinikaa: "Ungekuja jana mchana ukaomba, leo ningekupandisha mwenyewe."

Basi nikaongeza hilo kwenye orodha ya maandalizi. Lenzi na betri si kitu kama hujaomba ruhusa mchana wa siku iliyotangulia.

Picha iliyoitwa ya kupikwa

Mvua za mwaka huo zilipofika, niliweka kamera kabatini. Kwangu mimi mvua ilikuwa na maana ya mawingu, na mawingu yalikuwa na maana ya kulala. Mwaka ukapita. Kisha ukaja mwaka 2020 na ugonjwa wa corona. Shule zilifungwa mwezi Machi, kafyu ikatangazwa, na kuanzia tarehe 6 Aprili safari za kuingia na kutoka Nairobi zikapigwa marufuku. Tulikaa nyumbani sote, binti yangu akiwa sasa Gredi ya Nne.

Katikati ya mwezi huo wa Aprili, simu za watu wa Nairobi zililia karibu kwa pamoja. Kulikuwa na picha inayosambaa: maghorofa ya jiji mbele, na nyuma yake, ukiwa umesimama wazi na meno yake yote, Mlima Kenya. Mkazi mmoja wa jiji alikuwa ameupiga.

Watu wengi walisema hapo hapo kwamba picha hiyo ni ya kupikwa. Walidai kwamba mlima umebandikwa kwa kompyuta, kwani haiwezekani uwe mkubwa vile. Wengine walijitokeza na picha zao za siku hizo hizo, na walioelewa mambo ya kamera wakaeleza kwamba lenzi ndefu huvuta vitu vya mbali na kuvisogeza karibu na vile vya mbele. Mlima haukuongezwa kitu. Ulisogezwa tu.

Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa kitandani. Picha ilinifikia saa tatu asubuhi nikiwa chini ya blanketi, mita chache kutoka kwenye ngazi zile zile nilizozipanda mara 23. Binti yangu aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole ulioniumiza kuliko dhihaka:

"Baba, si ulisema wakati wa mvua hauonekani?"

Wengi walieleza kwamba mlima ulionekana kwa sababu magari yalipungua barabarani na moshi ukapungua hewani, na hilo lina ukweli wake. Lakini Aprili pia ni kilele cha masika. Mvua ya usiku huosha vumbi na moshi angani kama mama anavyoosha dirisha, na kabla jua halijapata nguvu ya kuinua mvuke na kuyajenga mawingu upya, hupatikana mwanya. Ule utando wa rangi ya chai niliouona wakati wa kiangazi ulikuwa vumbi na moshi ambao haukuwa na mvua ya kuuangusha. Nadharia yangu ilikuwa imesimama kichwa chini, miguu juu. Na yule mzee wa KICC aliniambia waziwazi: kulikuwa na matope!

Walioshuku zamani

Nilijifariji kwa kusoma historia, na nikaona kwamba mlima huu una mazoea ya kuwafanya wanaouona waitwe waongo. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliuona kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849, akiwa mgeni wa Kivoi, kiongozi na mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba. Mwezi huo ni wa mvua za vuli Ukambani. Mwenzake Johannes Rebmann alikuwa ameuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, ambao nao ni msimu wa mvua. Wote wawili waliandika kwamba wameona theluji karibu na ikweta, na wasomi waliokuwa wameketi London wakawacheka.

Wenyeji hawakuhitaji kuthibitishiwa. Wakikuyu waliuita Kirinyaga, na walikuwa wakielekeza nyuso zao huko wakati wa maombi tangu enzi za mababu. Lakini Ulaya ilingoja hadi Joseph Thomson alipopita karibu nao mwaka 1883 ndipo ubishi ukapungua, na Halford Mackinder akafika kileleni mwaka 1899. Mwaka 1920 koloni lote likapewa jina la mlima huo.

Kwa hiyo walioishuku picha ya 2020 walikuwa na ndugu zao wa karne ya kumi na tisa. Kitu usichokiona kila siku ni rahisi kusema hakipo.

Nilisoma pia kisa cha Ansel Adams, mpiga picha maarufu wa mandhari wa Marekani. Mwaka 1941 alikuwa akiendesha gari jioni katika jimbo la New Mexico alipouona mwezi ukiwa juu ya kijiji cha Hernandez, na misalaba ya makaburini iking'aa kwa mwanga wa mwisho wa jua. Alisimamisha gari, akapanga kamera yake kubwa kwa haraka, na kifaa chake cha kupimia mwanga hakikuonekana. Lakini aliujua mwangaza wa mwezi kwa moyo, kama wewe unavyojua bei ya mkate, akakisia kutokana na huo. Akapiga picha moja. Kabla hajapiga ya pili, mwanga ulikuwa umetoka kwenye misalaba. Picha hiyo moja ikawa miongoni mwa picha zinazojulikana zaidi duniani.

Je, hiyo ilikuwa bahati? Kwa hakika ilikuwa bahati. Lakini madereva wengine waliopita barabara ile jioni ile nao walikuwa na mwezi ule ule.

Asubuhi ya deni kulipwa

Tangu hapo nilibadili mpango. Niliacha kuamka kila siku kama mwendawazimu. Nilianza kulala nikisikiliza mabati. Mvua ikinyesha usiku na kukatika kabla ya alfajiri, mimi hupanda. Isiponyesha, au ikiendelea, nalala usingizi wangu. Betri huwekwa kwenye chaji jioni, stendi husimama karibu na mlango, na nilikuwa nimekubaliana na rafiki yangu mwenye lenzi ya milimita 300 kwamba msimu wa mvua lenzi hiyo italala kwangu. Mwangalizi wa jengo alikwisha kunipa ufunguo wa paa, na sikukuu sikumsahau.

Hata hivyo nilikosa mara nyingi. Mara mawingu yalikaa chini Parklands, mara mlima ulitoa bega moja tu ukalirudisha.

Mwishoni mwa Aprili 2023, shule zikiwa zimefungwa, mvua ilinyesha usiku kucha na kukatika kama saa kumi. Nilitoka kitandani, nikagonga mlango wa binti yangu, ambaye sasa alikuwa Gredi ya Saba na hapendi kuamshwa.

"Amka mama. Mvua imeisha."

Hakuuliza kitu. Alivaa sweta na kunifuata. Paa lilikuwa na madimbwi, na hewa ilikuwa baridi yenye harufu ya udongo. Mara ya kwanza hatukuona kitu. Ilipofika saa kumi na mbili na dakika kumi, weupe ukaanza, na yeye ndiye aliyeona kwanza.

"Baba. Ile si wingu."

Ulikuwa pale. Ulikuwa samawati iliyokoza, kama jino moja lililochongoka, mdogo, na umetulia nyuma ya maghorofa na winchi za ujenzi. Nilishindwa hata kufungua kifuniko cha lenzi kwa kutetemeka. Binti yangu alinyoosha mkono wake, akafumba jicho moja, akaufunika mlima kwa kidole kidogo, kisha akaufunua. Akafanya hivyo mara tatu huku akicheka.

Nilipiga picha 14. Kumi na moja zilitikisika kwa sababu upepo uliipiga stendi, jambo ambalo sikujiandaa nalo. Tatu zilitoka safi. Ilipofika saa kumi na mbili na dakika arobaini, wingu jembamba lilishuka begani mwa mlima, likaulaza, na Nairobi ikabaki na honi za matatu na moshi wa jikoni. Tulikuwa tumepewa nusu saa.

Picha moja sasa imetundikwa sebuleni. Wageni wengi hawaoni kitu mpaka waonyeshwe.

Kabla mwanya haujazibwa

Naandika haya kwa sababu mbili zinazonitia wasiwasi. Ya kwanza ni kwamba barafu ya mlima inaisha. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya kwamba Mlima Kenya huenda ukapoteza barafu yake yote katika miaka ya 2030, kabla ya Kilimanjaro na Rwenzori. Ile weupe aliyoandika Krapf, na ambayo watu walimcheka kwayo, watoto wetu huenda wakaisoma tu vitabuni.

Ya pili iko karibu zaidi. Kilimani na Kileleshwa, ambako zamani kulikuwa na nyumba za vigae zenye bustani, sasa kila mwezi winchi mpya husimama. Kiwanja kilicho upande wa kaskazini wa jengo letu kimezungushiwa mabati, na nguzo zimefika ghorofa ya saba. Silalamiki, watu wanahitaji pa kuishi. Lakini nimepima kwa dira yangu, na nguzo hizo ziko kwenye mstari wa Batian. Wakiongeza ghorofa nne tu, jiwe langu la asubuhi litakuwa limekwisha, na itanibidi nitafute jingine.

Kwa hiyo, kama una mtoto anayeuliza ulipo mlima, usimpe ahadi kama niliyotoa mimi. Nendeni juu ya paa mchana, kwa ruhusa, mkiwa na dira, mtafute kaskazini kuelekea kidogo mashariki na mweke alama. Kisha ngojeni usiku wa mvua. Ukisikia imekatika kabla ya alfajiri, amkeni wote, vaeni sweta, muwe juu kabla ya saa kumi na mbili na robo. Simu ya kawaida itauonyesha mlima kama doa, lakini macho yataona.

Wahenga walisema bahati ni chudi, yaani bahati ni juhudi. Nilipokuwa shuleni nilidhani maana yake ni kwamba ukijitahidi utapata. Siku hizi naielewa kwa namna nyingine kidogo. Juhudi zangu hazikuuleta mlima hata hatua moja karibu, kwani ulikuwa pale asubuhi zote nilizolala. Zilinifikisha paani tu, saa ile, nikiwa na mtoto wangu.

Jana jioni mawingu yalikuwa mazito upande wa Ngong. Nimeweka betri kwenye chaji.